“Has been” imeniponza mapokezi

SWALI

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni msichana wa mapokezi kwenye hoteli moja ya ufukweni, kaskazini mwa Unguja. Kiingereza nilikisoma shuleni kama wengine, kilichobaki nimekiokota kwa wageni. Kuongea naongea, wala siogopi mtu. Ila nikifika kwenye “have” na “has” ndipo ninapoponzeka.

Mwezi uliopita mama mmoja Mwingereza alikuja kaunta kumwulizia mumewe. Mume alikuwa ametoka asubuhi na dereva wetu, wamekwenda Mji Mkongwe. Nikamjibu kwa kujiamini: “He has been to Stone Town, madam.” Akashukuru, akaondoka. Kumbe kaenda kumtafuta kwenye bwawa, kaenda mgahawani, kashuka ufukweni, kawauliza vijana wa boti. Akarudi kwangu analia, anasema mumewe amesharudi kutoka mjini lakini haonekani popote na simu hapokei. Meneja akaitwa, walinzi wakaanza kuzunguka hoteli nzima. Yule bwana akatokea alasiri, mkononi kashika mfuko wa viungo na kikoi kipya, hana habari ya lolote. Meneja aliponiuliza nilimwambia nini yule mama, nikamrudia maneno yangu. Akashika kichwa. Akasema ilitakiwa “gone”, akaenda zake. Mpaka leo sijaelewa. “Been” na “gone” si zote ni “ameenda”?

Baada ya hapo tukaletewa mkufunzi wa Kiingereza cha hotelini. Dawa yake ilikuwa moja: acheni kufikiri kwa Kiswahili. Sasa mwalimu, nitafikiri kwa lugha gani? Akatukataza kusema “I have seen him yesterday”, na wageni wetu Wataliano na Wajerumani wanasema hivyohivyo kutwa, hakuna anayewasahihisha. Halafu akaja Mmarekani, akaniuliza “Did you eat yet?” wakati sisi tumefundishwa “Have you eaten yet?” Nimfuate nani?

La mwisho. Nataka kuomba kazi kwenye hoteli moja Muscat. Barua na usaili, vyote kwa Kiingereza. Nimeandika hivi: “I have been born in Wete in 1998. I have completed Form Four in 2015. I have worked at a hotel in Paje from 2018 to 2021. I am working at this hotel since 2022.” Mwenzangu wa zamu anasema kuna kosa, ila hajui liko wapi. Nisaidie.

Wa Mapokezi, Unguja

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Naanza na barua ya Muscat. Yule mume wa Mji Mkongwe tutamfikia. Mwenzako kasema kweli ila kapunja hesabu, kwa sababu sentensi ni nne na zote nne zina kosa. Tatu za mwanzo umezipa “have” na haziitaki. Ya nne ndiyo pekee inayoitaka, na hiyo umeinyima. Mtu anayebahatisha hakosei kwa mpangilio namna hii. Wewe unafuata kanuni, tena unaifuata kwa uaminifu, ila ni kanuni ya Kiswahili. Kwa hiyo simuungi mkono mkufunzi wenu. Kuacha kufikiri kwa lugha uliyonyonya nayo hakuwezekani, na hata kama kungewezekana ungejinyima msaada mkubwa, kwa kuwa Kiswahili kinakufikisha karibu kabisa na jambo lenyewe. Pana mahali patatu tu kinapokuacha njiani. Hapo patatu ndipo pa kukariri, kwingine jiachie.

Kwanza tukipe kitu jina lake. “Have” au “has” ikifuatana na umbo la tatu la kitenzi, lile la mwisho tulilokuwa tukiliimba darasani katika “go, went, gone”, vitabu vya Kiingereza huliita present perfect. Mimi nitaliita timilifu, kama walimu wa Kiswahili wanavyoiita “-me-” yetu. Majina yanafanana na kazi zinakaribiana, lakini hazikuzaliwa nyumba moja. Wanaisimu huihusisha “-me-” na mzizi uleule unaousikia ndani ya “kumaliza”: tendo limekwisha, basi. Kiingereza kilianzia kwenye kumiliki. Katika Kiingereza cha kale mtu alisema kitu kinachokaribia “ninaye samaki, amevuliwa”, yaani samaki huyu hapa, ninaye. Kwa karne nyingi maneno yakajipanga upya mpaka ikawa “I have caught the fish.” Umiliki wenyewe umefifia, lakini tabia yake imebaki. “-me-” huuliza kama jambo limekwisha. “Have” huuliza tuna nini sasa hivi kutokana na jambo hilo.

Kwenye kaunta yako tofauti hiyo si ya vitabuni. Mgeni akikuambia “I have lost my passport”, acha unachofanya umsikilize, maana hana pasi wakati huu anaozungumza nawe na huenda ndege yake ni kesho. Akikuambia “I lost my passport in Rome in 2019”, anakupigia hadithi. Pasi nyingine anayo mfukoni na pengine ndiyo anayokupa umwandikishie chumba. Tendo ni lilelile, kupoteza pasi. Kilichobadilika ni kama madhara yake yako mezani au yamekwishapita.

Sasa mahali pa kwanza pa hatari. Kwa kuwa “have” imeegemea sasa, haikubali kutajiwa saa, siku wala mwaka uliokwisha kupita. Ukitaja “yesterday”, “last week”, “in 1998”, “at nine o’clock” au chochote chenye “ago”, timilifu imekufa na unarudi kwenye wakati uliopita wa kawaida: “saw”, “came”, “paid”. Swali la “lini” nalo ni hivyohivyo, kwa sababu linaomba kutajiwa wakati. “When have you arrived?” haipo, mwulize mgeni “When did you arrive?” Kiswahili hakina masharti hayo. Tunasema “nimemwona jana”, “mgeni amefika juzi”, “nimezaliwa mwaka 1998”, na anayesikiliza hashtuki. Walimu wangu wa Kiswahili wangesisitiza “nilimwona jana”, na kwenye insha nami ningesahihisha vivyo hivyo, lakini barabarani, sokoni na hata kwenye kujaza fomu “nimezaliwa” inapita bila kusimamishwa na mtu.

Ungeniuliza: kama Kiswahili kinaniruhusu, nitajuaje Kiingereza kinakataa? Kwa kukiuliza Kiswahili chenyewe. Chukua sentensi yako yenye “-me-” uikanushe. Ukanushaji wetu una njia mbili, “hajafika” na “hakufika”, na hapo Kiswahili kinakuwa mkali kuliko kinavyoonekana kwenye kukubali. Mtu anaweza kusema “amefika jana”, lakini hakuna aliyewahi kusema “hajafika jana”. Lazima iwe “hakufika jana”. Basi kanusha, usikilize ulimi wako unachagua nini. Ukitoa “-ja-”, Kiingereza ni timilifu. Ukitoa “-ku-”, Kiingereza ni wakati uliopita.

Jaribu. “Boti imeondoka.” Ukikanusha: haijaondoka. Kwa hiyo “The boat has left.” “Boti imeondoka saa 1 asubuhi.” Ukikanusha: haikuondoka saa 1. Kwa hiyo “The boat left at seven.” “Mgeni wa chumba 12 amelipa.” Hajalipa, basi “has paid”. “Amelipa jana usiku.” Hakulipa jana usiku, basi “paid last night”. Nenda kwenye barua yako: nimezaliwa 1998, sikuzaliwa 1998. Nimemaliza kidato cha nne 2015, sikumaliza 2015. Nimefanya kazi Paje kuanzia 2018 hadi 2021, sikufanya kazi Paje miaka hiyo. Zote tatu zimeangukia kwenye “-ku-”, kwa hiyo zote tatu “have” itoke. Mkufunzi aliyekukataza kufikiri kwa Kiswahili alikunyang’anya kipimo hiki bila kujua kipo.

Kuna maneno ya wakati yanayokaa katikati, kama “today”, “this week” na “this morning”. Haya yanategemea kama muda wenyewe bado haujafungwa. Saa 4 asubuhi unaweza kumwambia meneja “I have seen him this morning”, kwa sababu asubuhi bado ipo. Jioni, asubuhi ileile imeshafungwa: “I saw him this morning.” Usijitese nayo sana; hata wenyewe hawaipimi kwa saa.

Jizoeze mtindo mmoja utakaokufaa kutwa: habari kwa timilifu, maelezo kwa wakati uliopita. “Your driver has arrived. He came ten minutes ago.” Sentensi ya kwanza inampa mgeni kilichopo, dereva yuko nje. Ya pili inataja wakati, kwa hiyo “has” inaondoka. Ukisikiliza taarifa za habari za Kiingereza utausikia mtindo huuhuu: tangazo linafunguliwa kwa “has” au “have”, na mara inapotajwa saa na mahali sentensi zinahamia wakati uliopita. Katika daftari la zamu nalo uandike hivyo. “The guest in Room 12 has paid. She paid in cash at nine.” Ukiandika “She has paid at nine”, wa zamu inayofuata ataelewa, lakini Mwingereza akilifungua daftari macho yatamwuma.

Mahali pa pili ni kinyume cha pa kwanza. Hapo Kiswahili hakitumii “-me-” wakati Kiingereza kinadai timilifu. Ni pale kwenye “tangu”. Tunasema “nafanya kazi hapa tangu 2022”, “namfahamu tangu utotoni”, “nakusubiri tangu asubuhi”. Kwetu jambo linaendelea, kwa hiyo tunaliweka kwenye wakati uliopo, na akili iko hapo. Mwingereza anaangalia urefu wote wa jambo, kuanzia huko mpaka hapa, na kwa urefu huo anataka “have”. Kwa hiyo sentensi yako ya nne ni “I have worked at this hotel since 2022”, au “I have been working at this hotel since 2022.” Zote mbili ni sahihi, na kwa kitenzi kama “work” karibu hazitofautiani, ya pili inakazia kidogo kwamba uko kazini hivi sasa na mambo yanaendelea.

Huo muundo wa “have been” na “-ing” unafaa kwa vitendo vinavyochukua muda: kusubiri, kunyesha, kutafuta, kufanya kazi. “I have been waiting since morning.” Usiupeleke kwenye vitenzi vya hali kama kujua, kumiliki na kuwa. Kumfahamu mtu hakufanyiki kwa awamu, kwa hiyo ni “I have known him since 2020”, si “I have been knowing him”.

Hapohapo patenge “since” na “for”, maana wengi wanavichanganya. “Since” inataka mahali pa kuanzia: 2022, Jumatatu, saa 2, Ramadhani iliyopita. “For” inataka urefu: siku tatu, miezi sita, muda mrefu. “Since two years” haipo. Na ujue kwamba “for” peke yake haisemi kama jambo limekwisha au linaendelea. Kitenzi ndicho kinachosema. “I have worked here for three years” maana yake bado upo. “I worked here for three years” maana yake ulishaondoka, na msaili wa Muscat atakuuliza uliachishwa au uliacha. Kwa watu ni vivyo hivyo. Ukimwambia mgeni “My grandmother has lived in Pemba all her life”, atakuuliza bibi hajambo. Ukisema “My grandmother lived in Pemba all her life”, atakupa pole ya msiba.

Mahali pa tatu hapatajwi sana, na nadhani ndipo mnapokosea zaidi hotelini bila mtu kuona. “-me-” yetu ina kazi ya ziada: inaeleza hali mtu aliyomo. Amelala, amekaa, amesimama, amevaa, nimechoka, imejaa. Haya hatuyasemi kama matendo yaliyokwisha, tunaeleza tunachokiona. Kiingereza hapo hakitumii timilifu kabisa, kinatumia “is” na “are”. Mgeni amelala ni “The guest is asleep” au “is sleeping”; ukisema “The guest has slept” umesema ameshapata usingizi wake na huenda sasa anakunywa chai. Amevaa nguo ya buluu ni “She is wearing a blue dress.” Nimechoka ni “I am tired.” Hoteli imejaa ni “We are full”, wala usijaribu “The hotel has filled” kwa mtu anayetafuta chumba usiku. Maji yamekatika, sema tu “There is no water at the moment” na uombe radhi.

Kipimo cha kukanusha hakikusaidii hapa, kwa sababu “sijachoka” ina “-ja-” na Kiingereza chake ni “I am not tired.” Kwa hiyo jiulize kwanza: naeleza kilichotendeka au naeleza hali ninayoiona? Ukiwa unaeleza hali, achana na “have”. Vitu vilivyoharibika vinakubali pande zote. Kiyoyozi kimeharibika ni “The air conditioner is not working”, na “has broken down” pia ni sawa.

Sasa twende kwa yule mume. Kiswahili tukisema “ameenda mjini” tunaelewa hajarudi. Hiyo ndiyo “has gone”: kaenda, na tulicho nacho sasa ni nafasi yake tupu. “Has been” imetoka kwenye “be”, kuwa. Amekuwa huko, akatoka, na alicho nacho sasa ni kwamba anapajua. Kiswahili chake si “ameenda”, ni “amewahi kwenda” au “ameshafika huko”. Yule mama alisikia kwamba mumewe alifika Mji Mkongwe na amerudi hotelini. Kwa masikio yake ulimpa habari njema, na alipokwenda kumtafuta alifanya kile ambacho sentensi yako ilimwambia.

Kwa maneno mengine, “Have you been to Zanzibar before?” ni “umewahi kufika Zanzibar?” na ni swali zuri la kumpokelea mgeni wakati anajaza fomu. “Have you gone to Zanzibar before?” haiulizwi, tena kwa mtu aliyesimama mbele yako Zanzibar. Ukizungumzia safari zako mwenyewe ana kwa ana, “I have gone to Pemba” haiwezekani, maana uko hapa unaongea. Inawezekana kwenye kikaratasi tu: “I have gone to lunch”, kimebandikwa kaunta na wewe haupo.

Usichanganye “been” hiyo na ile ya kutendwa. “Your room has been cleaned” ni “chumba chako kimesafishwa”. Hapo “been” inafanya kazi ya “-w-” yetu. Kwa watu wa hoteli hii ni sentensi ya kila saa: “Your bags have been taken to your room”, “The taxi has been paid for.”

Kwingine Kiswahili kinakubeba mgongoni, ufurahie. “-wahi” inakupa “ever”: umewahi kula pweza, “Have you ever eaten octopus?” “Sijawahi” inakupa “never”: “I have never been to Muscat.” “-mesha-” inakupa “already”: ameshalipa, “She has already paid.” “Ndio kwanza amefika” inakupa “just”: “He has just arrived.” Na “-ja-”, ikiungana na kiambishi cha kukanusha kama “ha-”, inakupa “not” na “yet” kwa mpigo, ndani ya neno moja: hajafika, “He hasn’t arrived yet.” Ukisikia “-ja-” kichwani mwako, andika “yet” mwishoni na hutajuta. Mgeni akiambiwa “He didn’t arrive” anaelewa dereva hakuja na hatakuja tena. Akiambiwa “He hasn’t arrived yet” anaagiza kahawa na kusubiri.

Kuhusu Wataliano na Wajerumani wenu. Wao wana tatizo letu hasa, tena mahali palepale. Mtaliano husema “l’ho visto ieri”, Mjerumani husema “ich habe ihn gestern gesehen”, na ndani ya sentensi zote mbili kuna “have” imekaa na “jana” kwa amani. Kwenye “tangu” ndio usiseme: “sono qui da tre giorni”, “ich bin seit drei Tagen hier”, wakati uliopo mtupu kama wetu. Ndiyo maana unawasikia wakisema “I am here since three days.” Mtu wa Milano, mtu wa Munich na mtu wa Wete wanaanguka kwenye shimo moja, kwa sababu hapa Kiingereza kimejitenga na lugha zao zote tatu. Kwa hiyo usione haya, lakini usijifunzie kwao. Hawasahihishwi kwa sababu wanalipa bili.

Mmarekani wako hakukosea. Marekani, katika mazungumzo, maneno kama “already”, “yet” na “just” hukaa vizuri na wakati uliopita: “Did you eat yet?”, “I already paid”, “He just left.” Mwingereza angesema “Have you eaten yet?”, “I’ve already paid”, “He’s just left.” Elewa zote, kwenye kaunta tumia uliyofundishwa, na Mmarekani hatakuona wa ajabu hata kidogo. Ila usidhani Marekani hakuna sheria. “I have seen him yesterday” ni kosa New York kama lilivyo kosa London.

Barua yako sasa isomeke hivi: “I was born in Wete in 1998. I completed Form Four in 2015. I worked at a hotel in Paje from 2018 to 2021. I have worked at my present hotel since 2022.” Nimebadilisha “this hotel” kuwa “my present hotel”, kwa sababu anayesoma yuko Muscat na kwake “this hotel” ni ile aliyokaa yeye. Kama una ujuzi mwingine uliokusanya bila kutaja mwaka, hapo timilifu inakupamba: “I have handled bookings in English and Swahili”, “I have trained two new receptionists”, kama kweli umewafundisha. Ni mambo unayoingia nayo mlangoni, ndiyo maana “have” inayapenda.

Kwenye usaili tegemea maswali yenye “Have you ever”, kwa mfano “Have you ever dealt with an angry guest?” Jibu lianze “Yes, I have”, kisha uhame mara moja: “In 2023 a guest arrived and his room was not ready. I apologised, I offered him lunch and I found him another room.” Baada ya kutaja 2023 usirudi kwenye “have” mpaka hadithi iishe. Na wakikuuliza “How long have you worked there?” jibu “Since 2022” au “For” na idadi ya miaka. Usijibu “From 2022”, maana watabaki wanasubiri useme “to” lini.